Upande wa magharibi, saa tisa alasiri

Mtu akiniuliza leo joto ni nyuzi ngapi, namrudishia swali: joto la nini? Taarifa ya hali ya hewa hutaja joto la hewa iliyopimwa kivulini, ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu, mita moja na nusu au mbili kutoka chini. Linamfaa anayetaka kujua avae nini. Mimi kazi yangu ni moto wa porini, na kinachoungua porini ni nyasi zilizokauka, majani yaliyodondoka, vijiti, magome na magogo. Vitu hivyo vimelala chini, vingine juani, vingine kivulini, kwenye kilima kilichogeukia upande fulani, na vina joto lao ambalo hakuna redio inayolitangaza.

Kulipima ni rahisi. Nina kipimajoto cha infraredi, kile chenye umbo la bastola: unakielekeza, unabonyeza, kinasoma joto la uso wa kitu bila kukigusa. Changu kina uwiano wa 12 kwa 1, maana yake nikisimama mita 1.2 kutoka kwenye majani, kinasoma duara lenye upana wa sentimita 10. Ndiyo maana huwa nacheka kimoyomoyo nikimwona mtu amesimama upande mmoja wa korongo anapima upande wa pili. Kutoka huko chombo kinachanganya majani, mawe, mchanga na vivuli, kisha kinatoa wastani ambao si wa kitu chochote. Lazima utembee, na ukifika uiname.

Kilima ninachokipima mara nyingi mgongo wake umelala kaskazini hadi kusini. Kwa hiyo kina ubavu wa mashariki na ubavu wa magharibi, miinuko yake inakaribiana, na nyasi ni za aina moja. Siku ya anga safi, saa tatu asubuhi, hewa ikiwa nyuzi 19 za Selsiasi, nyasi za mashariki huwa zimeshafika thelathini na kitu, huku za magharibi ziko 15 na umande ungali juu yake. Saa tisa alasiri mambo yamegeuka. Hewa iko 31, nyasi za mashariki 36, na za magharibi 58, pengine zaidi pale ambapo ardhi ni nyeusi na upepo haufiki. Nyasi ni zilezile, kilima ni kilekile, tofauti ni nyuzi 22.

Sababu ya kwanza ni pembe. Jua la adhuhuri, anga ikiwa safi, humwaga takribani wati 1000 kwa kila mita ya mraba, lakini kiasi hicho hupatikana kwenye uso uliolielekea jua moja kwa moja tu. Chukua mteremko wa digrii 30 na jua lililo digrii 60 juu ya upeo wa macho. Ubavu unaolitazama jua unapata mwanga wote, ubavu wa pili unapata nusu. Jua likishuka hadi digrii 30, ubavu unaolitazama bado unapata asilimia 87 ya mwanga uliopo, ardhi tambarare inapata nusu, na ubavu wa nyuma unaguswa juujuu tu, mwanga ukipita sambamba na ardhi yake.

Pembe peke yake, hata hivyo, haimalizi kesi. Kwa hesabu ya pembe, mashariki saa tatu asubuhi na magharibi saa tisa alasiri wanapata mgawo uleule wa jua. Mbona basi mmoja yuko thelathini na kitu na mwingine karibu na sitini? Ni kwa sababu jua la asubuhi linaanza kwa kulipa madeni ya usiku: umande wa kukausha, ardhi baridi ya kupasha, hewa baridi inayopita na kubeba joto kila linapojitokeza. Jua la alasiri halidaiwi. Umande ulishakwenda zamani, ardhi imeshapashwa, na hewa yenyewe iko kwenye kilele chake cha joto, ambacho hakifiki saa sita bali kati ya saa nane na saa kumi. Karibu kila wati inayotua kwenye nyasi za magharibi inakwenda kuzipasha nyasi. Mtu anayesema pande hizi mbili ni sawa kwa sababu zinapata jua kwa saa sawa amehesabu mwanga akasahau saa yenyewe.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu wengi wanalipita haraka, na ambalo kwangu ndilo lenye uzito wote. Wanasikia nyasi ziko nyuzi 58 wanafikiri hatari ni kwamba zimekaribia kuwaka. Hazijakaribia. Mimea mikavu huhitaji kufika nyuzi 300 na kidogo ndipo iwake. Kutoka 58 hadi huko bado ni mbali sana. Hebu tupige hesabu. Kilo moja ya nyasi kavu inahitaji takribani kilojuli 1.5 kupanda uzi mmoja. Kufukuza kilo moja ya maji kunahitaji kilojuli 2257, mbali na kuyachemsha kwanza. Nyasi za asubuhi upande wa magharibi, nyuzi 15 na unyevu wa asilimia 15 ya uzito wake mkavu, zinahitaji karibu kilojuli 850 kwa kila kilo ili zifike nyuzi 320. Nyasi hizohizo saa tisa alasiri, nyuzi 58 na unyevu wa asilimia 3, zinahitaji karibu 470. Moto umepunguziwa kazi kwa zaidi ya asilimia 40. Ila angalia punguzo lenyewe lilikotoka: kati ya hizo kilojuli 380, ni kama 64 tu zilizotokana na nyasi kuwa na joto. Zilizobaki zote zimetokana na maji kutokuwepo.

Kwa maneno mengine, joto la nyasi ni kitu kidogo likisimama lenyewe. Ukubwa wake uko kwenye kuondoa maji, na hapo linafanya kazi kwa namna ambayo kipimo cha unyevu wa hewa hakioneshi. Tuseme kituo cha hali ya hewa kinasoma nyuzi 31 na unyevu wa hewa asilimia 30. Hewa hiyohiyo inapogusa jani lenye nyuzi 58, ile tabaka nyembamba kabisa inayolala juu ya jani inapata joto la jani. Mvuke uliomo haujaongezeka wala kupungua, ila uwezo wa hewa kubeba mvuke umepanda zaidi ya mara nne. Kwa jani lile, unyevu si asilimia 30 tena. Ni kama 7. Kwenye ubavu wa mashariki wenye nyasi za nyuzi 36, ni kama 23. Jani likipewa muda litatulia kwenye unyevu unaolingana na hewa inayoligusa: la mashariki asilimia 4 au 5, la magharibi 2 hivi. Kituo kimeandika namba moja kwa kilima kizima, na kilima kina hali mbili za hewa, zote zenye unene wa milimita chache.

Nikiwa nimechutama hapo huwa nafanya jambo moja zaidi: nafunua. Tabaka la juu la majani 58, nikiondoa majani ya unene wa vidole viwili naona 33, na mkono unasikia unyevu. Kwa hiyo namba kubwa ya juu isikutishe kupita kiasi. Moto unaopita hapo siku ya kwanza ya ukavu utaramba tabaka la juu na kuacha la chini. Siku ambayo nikifunua nakuta joto halijashuka sana na mkono hausikii kitu, hiyo ndiyo siku ya kupiga simu.

Vitu vinene havifuati mchezo huu wa saa. Watu wa moto wanavigawa kwa muda vinaotumia kukubaliana na hewa: vijiti vyembamba kuliko milimita 6 huhesabiwa kwa saa moja, vya hadi sentimita 2.5 kwa saa 10, vya hadi 7.6 kwa saa 100, na magogo yanayozidi hapo kwa saa 1000. Saa hapa maana yake ni muda wa kufunga karibu theluthi mbili ya pengo kati ya unyevu wa kitu na unyevu unaotakiwa na hewa. Nyasi za magharibi zina muda wa kutosha kunufaika na alasiri moja. Gogo halina. Gogo linakumbuka wiki nyingi zilizopita, na tutalirudia baadaye kidogo.

Hakuna katika haya kilichogunduliwa jana. Mwaka 1943 Wamarekani wawili, George Byram na George Jemison, walichapisha utafiti kuhusu mionzi ya jua na unyevu wa vitu vinavyoungua msituni, na walishaona kwamba joto la jani linategemea jua na upepo kwa pamoja: upepo ukizidi, unabeba joto na jani linashuka kuelekea joto la hewa. Mwaka 1983 Richard Rothermel aliweka jambo hilo kwenye majedwali ambayo wazima moto wengi wanayabeba mfukoni hadi leo. Unatafuta unyevu wa awali kutokana na joto na unyevu wa hewa, kisha unasahihisha kwa mwezi, saa, kivuli kama kinafika nusu au la, mwinuko kama unazidi asilimia 30 au la, na upande ambao mteremko umeelekea: kaskazini, mashariki, kusini, magharibi. Majedwali hayo yalitengenezwa kwa nusu ya kaskazini ya dunia. Anayeyatumia kusini mwa ikweta bila kubadilisha safu ya kaskazini na kusini, na bila kugeuza miezi, anapata jibu la kilima kingine.

Halafu kuna Doug Campbell, mzima moto wa msituni wa California, ambaye mfumo wake unaitwa Campbell Prediction System. Alichokifanya ninakipenda kwa sababu hakihitaji kompyuta. Anakutaka uangalie mambo matatu mahali moto ulipo na mahali unapokwenda: upepo unasukuma wapi, mteremko unapanda wapi, na jua limepasha upande gani saa hiyo. Yote matatu yakikubaliana, moto utakuwa na nguvu kuliko popote pengine siku hiyo. Yakianza kupingana, utapungua. Moto uliotulia saa tano asubuhi kwenye ubavu wa magharibi haujatulia kwa sababu ya kazi yako nzuri. Unasubiri jua lifike.

Na mambo hayo matatu yana tabia ya kuitana. Ubavu uliopashwa na jua unapasha hewa inayougusa, hewa hiyo inakuwa nyepesi na kuanza kupanda, kwa hiyo upepo wa kupandisha mteremko unazaliwa palepale kwenye nyasi zilizokauka zaidi. Juu ya hayo, ndimi za moto unaopanda mteremko tayari zimezielekea nyasi zilizo mbele yake. Kanuni ya kukadiria aliyoiacha Alan McArthur, mtafiti wa moto wa Australia, inasema kasi ya moto huongezeka mara mbili kwa kila digrii 10 za mwinuko. Digrii 30, mara nane. Hapo bado hujaongeza kitu kwa ajili ya jua.

Mfano ninaourudia kila ninapofundisha ni moto wa Mann Gulch, korongo la Montana, Marekani, tarehe 5 Agosti 1949. Joto la hewa katika mji wa Helena siku ile lilifika nyuzi 36. Moto ulianzia juu ya upande wa kusini wa korongo, yaani kwenye mteremko ulioelekea kaskazini, wenye miti mingi na kivuli. Wazima moto walioruka kwa miavuli wakawa upande wa pili, kwenye mteremko ulioelekea kusini: nyasi zilizokauka, miti michache iliyotawanyika, jua lote la mchana. Kwa mtu asiye na uzoefu, upande wao ndio unaoonekana salama. Hauna msitu wa kuungua. Upepo ulivusha moto hadi upande wao, ukapata nyasi hizo na mlima wa kupanda, sehemu nyingine ukifika mwinuko wa asilimia 76. Kabla ya saa kumi na mbili jioni ilikuwa imekwisha. Kati ya watu 16, 13 walikufa. Msimamizi wao, Wagner Dodge, alipona kwa kuwasha moto mwingine mbele yake na kulala kwenye majivu yake. Wawili wengine walifika mgongoni kwa mlima kupitia upenyo wa miamba. Upepo mkali ndio uliouvusha moto ule, hilo sibishani nalo. Lakini ulivukia kwenye mteremko ambao jua lilikuwa limeuandaa tangu asubuhi, na kwenye nyasi kama zile, kasi ya moto ilizidi ya mtu anayekimbia kupanda.

Swali linalonifikia mara nyingi ni hili: basi upande mbaya ni upi, kaskazini au kusini? Inategemea umesimama wapi duniani. Kaskazini mwa tropiki ni mteremko ulioelekea kusini, kusini mwa tropiki ni ulioelekea kaskazini, na kadiri unavyokwenda mbali na ikweta ndivyo tofauti inavyokuwa kali. Katika latitudo 45 kaskazini, mwishoni mwa Desemba, jua la adhuhuri haliinuki kuzidi digrii 22, na mteremko wa digrii 25 unaotazama kaskazini hauguswi na mwale hata mmoja wa moja kwa moja mchana kutwa. Kwenye ikweta hadithi ni nyingine. Kuanzia Machi hadi Septemba jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, miezi iliyobaki liko kusini, na halisogei zaidi ya digrii 23 na nusu kutoka utosini. Kwa hiyo upande wenye jua unabadilishana zamu ndani ya mwaka mmoja, na hata wakati wa zamu upande wa pili haukosi. Mteremko wa digrii 25 uliolipa jua kisogo Juni bado unapata theluthi mbili za mwanga wa adhuhuri. Anayeishi karibu na ikweta akibeba kanuni ya kaskazini na kusini kutoka vitabu vya latitudo za juu atahangaika bure. Kwake kinachotawala ni mashariki na magharibi, yaani saa, na baada ya hapo msimu gani wa ukavu umeangukia zamu ya nani.

Magogo sasa. Upande wenye kivuli kwa kawaida una miti mingi zaidi, kwa sababu maji yanakaa. Mwaka wa kawaida upande huo hauungui vizuri; moto ukishuka huko unazubaa na kufa. Miaka inapita, majani yanarundikana, miti inaanguka na kulala. Upande wenye jua unaungua mara kwa mara lakini kidogokidogo, kwani nyasi ni chache na haziachwi zikajaa. Ukavu ukishika miezi mingi mfululizo, yale magogo ya saa 1000 yanakauka hadi ndani, na ghafla upande uliokuwa kinga unakuwa na mzigo mkubwa kuliko upande wa jua. Siku kama hizo kipimajoto changu kinaweza kunidanganya: kinaonesha 34 kivulini, namba ya kutuliza moyo, na gogo lililo chini ya namba hiyo limekauka kama la dukani. Kwa magogo napima kwa kukata kipande na kukipima uzito kabla na baada ya kukikausha. Hakuna njia ya mkato ninayoiamini.

Wingu nalo lina somo lake. Kivuli cha wingu kikipita juu ya ubavu wa magharibi, nyasi zinashuka nyuzi kumi na zaidi ndani ya dakika chache, na nimeona watu wakipumua kwa nafuu. Unyevu haujarudi, lakini. Maji huhitaji muda wa kuingia tena ndani ya nyasi, na wingu likiondoka joto linarudi kwa kasi ileile lililoshukia. Jua likizama kweli ndipo hesabu inabadilika, na hata hapo si kwa wote: hewa baridi inateremka na kujaza bonde, ikiacha mkanda wa hewa ya joto katikati ya mteremko ambako moto unaweza kukesha, upande wowote ulioelekea.

Kwa hayo yote, ramani zangu za uchomaji wa kupunguza nyasi hazina rangi za hatari, zina saa. Ubavu wa magharibi tunauchoma asubuhi, umande ukishaachia, kabla jua halijaugeukia. Kazi iwe imekwisha na mstari wa kuzuia moto umelowa kufikia saa sita. Ubavu wa mashariki tunauacha hadi alasiri, nyasi zikiwa zinapoa na moto unazidi kuishiwa nguvu kadiri tunavyosubiri. Nikisoma 45 kwenye nyasi za magharibi kabla hatujamaliza, tunasimama tulipo, tunazima kingo, tunarudi kesho. Vijana hulalamika kwamba moto bado ni mdogo na wanaudhibiti. Ni kweli, saa hiyo ni mdogo.